Ijumaa ya fundi

Kwangu mwaka huu shule imefungwa mara tatu. Sijakosea kuhesabu. Nina watoto watatu na kila mmoja kamaliza mwaka kwa siku yake na kwa kelele zake. Dada alimaliza Septemba, alipotoka kwenye mtihani wa darasa la saba. Kaka akamaliza Oktoba na upimaji wa darasa la nne, ingawa aliendelea kwenda shule mpaka Desemba kufanya nini sijui, yeye anasema mpira na kupiga deki. Na Kitinda wangu wa chekechea ndo kamaliza juzi juzi, yeye kwa joho, kofia ya pembe nne, spika mbili kubwa na keki. Majina yao nimeyaacha maana Dada keshaanza kusoma ninachoandika na ana maoni.

Mi ni fundi cherehani. Sare za shule ndo zinaniweka mjini, nakaa barazani mitaa ya nyuma ya Soko la Mbuyuni hapa Moshi, mimi na cherehani yangu ya miguu na kijana mmoja mwenye ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa zisichanike, ninayemlipa kwa kila nguo. Kwahiyo watu wakiniambia afadhali shule zimefungwa sasa utapumzika na wanao, nawaitikia tu ehee. Shule zikifungwa ndo mimi nafunguliwa. Kuanzia katikati ya Novemba tetroni zinashuka madukani kwa marobota, nyeupe za mashati, bluu za sketi na kaptula, na kila mzazi anakuja na neno lile lile, fundi mi nataka mapema mwaka huu sitaki presha, halafu anaondoka bila kuacha hata mia. Nimebandika karatasi ukutani, BILA ADVANSI KAZI HAIANZI, kwa herufi kubwa na mkorogo wa wino mwekundu, na bado mtu anaisoma kwa sauti mbele yangu halafu anasema sasa fundi hela ntaleta jioni.

Sketi ya marinda ndo mtihani wenyewe. Mteja anaona mikunjo tu, haoni kwamba kila rinda lazima lifanane na mwenzake, unalikunja, unalishikiza kwa uzi, unalipiga pasi, ndo unakuja kuweka mkanda, na ukipotea nusu inchi kwa kila rinda kwenye sketi ya marinda kumi na mawili kiuno kimeshaachana na mtoto kwa inchi sita. Hapo mvua za vuli zinanyesha, umeme umeenda kulala, unapuliza pasi ya mkaa huku macho yanawasha moshi. Halafu mteja anakuuliza kwanini sketi ni ghali kuliko kaptula.

Ila na mimi nina kosa langu nalo ndo hili nalotaka kulisema. Mteja akiniuliza inatoka lini, nasema Ijumaa. Sijui kwanini Ijumaa, ulimi wenyewe umeshazoea, na sio mimi tu, nenda kwa fundi yeyote Majengo, Pasua, Njoro, utaambiwa Ijumaa. Ijumaa ikifika ni Jumatatu. Jumatatu ikifika ni bado vifungo tu. Wateja wangu wa siku nyingi wanajua, wakiambiwa Ijumaa wanauliza ya wiki gani.

Basi Septemba Dada akaniambia mama mahafali yetu ni saa nne asubuhi, usichelewe. Darasa la saba mahafali yao huwa kabla ya mtihani. Baba yao alikuwa mlimani, yeye ni mpagazi wa Kilimanjaro, Septemba wageni bado wengi, akishapita geti la Machame na kilo zake 20 za mizigo ya watu mimi simhesabu tena mpaka ashuke siku ya sita au ya saba. Kwahiyo mzazi ni mimi. Nikamwambia mwanangu ntakuja. Na nilikuwa na sketi sita za mama mmoja wa Uru, niliishamwambia Ijumaa, na ile ilikuwa Ijumaa yake ya tatu, na alikuja mwenyewe saa mbili asubuhi akakaa kwenye benchi langu akasema leo sitoki hapa mpaka nguo zangu. Ungekuwa wewe ungefanyaje. Mi nilishona. Nilishona hadi mguu ukafa ganzi, nikawa kila nikiangalia saa najiambia mahafali hayaanzagi saa nne, mgeni rasmi lazima achelewe, bado ngonjera, bado risala.

Nimefika saa nane na robo. Viti vya plastiki vinapangwa kimoja juu ya kingine. Mapambo ya karatasi yameanza kubanduka na watoto wa darasa la pili wanayagombania. Dada alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa, peke yake, shati lake jeupe wenzake wamemwandikia majina na vikatuni vya kalamu ya wino mgongo mzima (kama fundi roho iliniuma, lile shati lilikuwa bado na mwaka mmoja wa kumvalisha mdogo wake). Mkononi ana chupa ya Fanta. Akanipa. "Nimekuwekea, zilikuwa zinaisha." Fanta ilikuwa ya moto kabisa, imekaa juani tangu saa sita. Nikainywa nimesimama, yote, sikuacha tone, na yeye akaniangalia hadi nimalize afu akachukua chupa akairudisha kreti. Hakusema kitu. Angenilalamikia ningejitetea, nilikuwa na maneno tayari, mama wa Uru, hela ya unga, yote nimeyapanga njia nzima kwenye bajaji. Hayakuwa na pa kwenda.

Sasa watu wasio na mtoto wa darasa la saba hawajui ile miezi inayofuata. Mtihani wenyewe ni siku mbili, Septemba, halafu mtoto yuko nyumbani mpaka Januari, sio mwanafunzi na sio mtu mzima. Anarefuka. Kila asubuhi anaamka kawa mrefu kidogo na ana swali jipya. Hapa mtaani kwetu wengi tunawapeleka prifomwani, ile tuisheni ya kuwaandaa kwa kidato cha kwanza, kwasababu mtoto wa shule ya msingi ya serikali kasoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba na Januari anakutana na vitabu vya Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza. Dada alirudi siku ya pili kanuna. Anasema usanisinuru nimeujua tangu darasa la tano, najua jani, najua mwanga wa jua, najua kaboni dayoksaidi, ila leo mwalimu kauliza nani anajua jani linajitengenezeaje chakula na sikunyoosha mkono kwasababu sijui linaitwaje kule. Kule, anasema, kama vile Kiingereza ni kata nyingine. Akawa anaandika maneno kwenye mabaki yangu ya tetroni nyeupe kwa kalamu, vitambaa vidogo vidogo, anavibandika ukutani kwa pini zangu. Nilikuwa natafuta pini nyumba nzima kumbe ziko ukutani zimeshika mizizi na shina.

Matokeo yalipotoka nilikuwa naweka zipu. Wateja wawili wamekaa, simu imewekwa juu ya kitambaa, tovuti ya Baraza la Mitihani inazunguka tu inazunguka, nchi nzima imeingia kwa pamoja, mara ikafunguka, ukatafuta mkoa, wilaya, shule, namba yake ya mtihani. Wastani B. Nilipiga kelele moja ya Kichagga sitaiandika hapa. Zipu ile ilikaa upande, nikaja kuifumua usiku.

Kaka yeye nisimalize maneno. Huyu ni mtu wa furaha. Upimaji wa darasa la nne ni wa kitaifa, matokeo yanakuja mwaka unapoanza, na usipofikia kiwango unarudia darasa, mimi tumbo linaniuma yeye anaruka kamba na mpira. Siku ya kufunga shule nikaenda kuchukua ripoti, kwanza nikazuiwa mlangoni nadaiwa mchango wa uji na makande wa miezi miwili, nikalipa hapo hapo na hela ya lastiki, ndo nikapewa karatasi. Nafasi ya 41 kati ya 96. Mwalimu kaandika: "Ana uwezo, apunguze mazungumzo." Nikamsomea njiani. Akafikiria hadi tumefika kwenye mti wa mkrismasi pale kona, umejaa maua mekundu, akasema mama lakini ukitoa waliohama na ukitoa wanaokaa mbele mimi ni wa thelathini na kitu. Nikamuuliza wanaokaa mbele unawatoa kwa kosa gani. Akasema wale wanamsikia mwalimu.

Watoto watatu ndani ya nyumba mchana kutwa, hesabu zote zinavurugika. Luku ya elfu kumi iliyokuwa inanifikisha wiki mbili inalia siku ya sita, piii, piii, katuni zimeila. Sukari sitaki hata kuiongelea. Mkate unakatwa kabla chai haijachemka. Msimu wa maembe unasaidia kidogo, ukiwawekea beseni la maembe unapata saa nzima ya amani, ila nguo zinarudi na utomvu hautoki na mvua hii chochote ukifua kinakaa kwenye kamba siku tatu kinanuka mbichi. Dada ndo mama wa pili sasa, anapika, anaosha mdogo wake, anamfokea Kaka kwa sauti yangu mimi kabisa, mpaka maneno. Juzi nimemsikia anamwambia Kaka "ntakupigia pasi hilo shati Ijumaa." Nikajifanya sijasikia.

Haya sasa Kitinda. Grupu la WhatsApp la wazazi wa chekechea lilianza kuwaka Novemba mwanzoni na halikuzima. Mchango wa chakula, wa muziki, wa mpiga picha, wa zawadi ya walimu, na kukodi joho shilingi 15,000. Nikaandika kwa heshima kabisa kwamba jamani mimi ni fundi, joho la mtoto wa miaka mitano naweza kuwashonea watoto wote kwa bei hiyo na wakabaki nayo. Kimya. Tiki mbili za bluu. Baadae mwalimu akanijibu kwamba mzabuni ameshapatikana. Mzabuni! Nikalipa. Wale waliokuwa wanalalamika na mimi pembeni, kwenye grupu walikuwa wa kwanza kutuma risiti.

Joho likaja usiku wa kuamkia mahafali ndani ya mfuko wa nailoni. Nikaligeuza ndani nje kabla hata sijalisalimia. Halina ovaloki. Pindo limetiwa mshono mmoja mrefu wa kivivu, nyuzi zinaning'inia, mkono mmoja umepita mwenzake kwa inchi nzima. Elfu kumi na tano, na ni la kurudisha. Nikajizuia, nikasema sio kazi yangu, ni la mtu, asubuhi linavaliwa jioni linarudi. Saa tano usiku nimelikalia kwenye cherehani nalipiga pindo upya. Mwenye ugonjwa wake anajijua.

Na pale ndo nikaona. Nilikuwa nimeweka kofia kitandani, ile ya kadibodi yenye kamba ya dhahabu, na taa ya chumbani kwa watoto ikawaka. Dada alikuwa mbele ya kioo kaivaa. Ilikuwa ndogo, imekaa juu ya nywele kama kifuniko cha sufuria, anaishika kwa kidole isidondoke, na ile kamba kaihamisha kutoka kulia kwenda kushoto kama anavyoona kwenye tivii. Hakuwa anacheka. Akaangalia hivi upande, akaangalia hivi. Halafu akaivua akaifuta vumbi kwa kiganja akairudisha pale pale nilipoiweka, akazima taa.

Miaka saba huyu mtoto ameenda shule kwa miguu, kapita mitihani yote miwili ya taifa, kapata B, na sherehe yake nimeiona viti vikipangwa. Huyu mwingine kajua kuchora bata, kavalishwa joho. Sikatai Kitinda kusherehekewa, nilienda, nilifika saa mbili na nusu mimi wa kwanza hata mwenye muziki hajafika, nilipiga vigelegele, nilikula keki, mtoto aliimba wimbo wa siku za wiki akaruka Alhamisi na ukumbi mzima ukampigia makofi. Dada alikuja pia. Alimshikia mdogo wake kofia kwenye upepo.

Wiki hiyo hiyo majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yakatoka TAMISEMI, wale wa serikali wanaowapangia watoto shule. Dada kapangiwa sekondari ya kata, ya kutwa, daladala moja na mwendo kidogo wa mguu. Bibi yake Kibosho alipopigiwa simu kitu cha kwanza aliuliza "ya bweni?", nikamwambia hapana mama, ya kutwa, akanyamaza kidogo akasema basi aje Krismasi nimwone, na Krismasi tutapanda kweli, huko juu ndugu wameshaanza kuingia kutoka Dar, wa basi na wa treni, tangu treni ya abiria irudi 2019 shemeji yangu hataki kusikia basi, anasema kwenye treni anakuja na mabegi na stori. Mtori upo, mbege ipo, baba yao kama kawaida atakuwa mlimani na wageni wanaotaka kuuona mwaka mpya kwenye mita 5,895. Hiyo nayo ni makala nyingine.

Fomu ya kujiunga tumeichukua. Ada hamna, hilo ni kweli na nashukuru, tangu 2016 mpaka kidato cha nne hulipi ada, na 2022 wakaongeza cha tano na cha sita. Ila soma ukurasa wa pili. Rimu ya karatasi, jembe na mpini, fagio la chelewa, ndoo, madaftari makubwa, viatu vyeusi vya kamba, sweta, mashati mawili, sketi mbili za marinda, kijani. Kijani gani? Hawasemi. Nimezunguka maduka matatu na kipande cha sampuli nilichoazima kwa mtoto wa jirani wa kidato cha pili, kuna kijani jani la mgomba na kuna kijani chupa, na ukikosea mtoto anasimama mstarini peke yake kama mchicha. Ni kijani chupa. Hela ya kikoba tuliyogawana Desemba hii imeingia humo humo.

Jana jioni mvua ikanishikia barazani, wateja hamna, Dada alikuwa ameniletea chai kwenye chupa. Nikamwambia simama hapa nikupime. Akashangaa. Na kweli hata mimi nilishangaa, maana nimefungua daftari langu la vipimo, daftari la tatu hili, limejaa watoto wa watu, mama wa Uru peke yake ana kurasa mbili, na jina la mwanangu halimo. Sijawahi kumpima. Miaka yote nimemshonea kwa macho, usiku wa mwisho kabla shule kufunguliwa, kwa kitambaa kilichobaki, nikiacha pindo kubwa la kukua. Ile sketi yake ya bluu ukiikunjua kwa chini ina mistari mitatu iliyopauka, wa darasa la tano, wa la sita, wa la saba, pale nilipokuwa nafumua na kushusha. Watu wanasema mganga hajigangi. Sawa, ila mwanangu sio mimi.

Nikazungusha tepu. Kiuno 25. Hipsi 33. Urefu, nikapiga magoti kwenye sakafu, 28, chini ya goti kama fomu inavyotaka. Alisimama wima kabisa, kaangalia mbele, kama wateja wanavyosimama. Nikaandika jina lake juu ya ukurasa, yote matatu.

Akasoma karatasi ya ukutani. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta akatoa noti ya elfu mbili imekunjwa mara nne, hela aliyopewa na shangazi yake kwa ajili ya ile B, akaiweka juu ya meza ya cherehani.

"Advansi," akasema.

Nilitaka kumwambia acha ujinga chukua hela yako. Nikaangalia uso wake, hakuwa anatania, au alikuwa anatania kwa ile namna yake ya kutocheka. Nikaipokea. Nikaandika kwenye daftari, advansi 2,000, nikaweka tarehe.

"Inatoka lini fundi?"

Nikafungua mdomo, na kabla sijasema yeye ndo akaanza kucheka, akacheka hadi akashika nguzo ya baraza, maana aliliona neno linavyokuja. Nikafunga mdomo. Nikavuta zile sketi nne za mteja zilizokuwa kwenye cherehani nikaziweka pembeni kwenye benchi, nikatandaza kijani chupa, nikamwambia kaa hapo, nishikie taa ya simu.